Bomba Jipya Lisilonuka

Nitegulieni hiki kwanza. Mgeni wangu huingia ndani bila hodi. Hana nyayo, hana kivuli, hana sauti wala harufu. Ukimpa kazi jikoni anapika, ukimweka sebuleni anakupasha moto, lakini siku ukimsahau anaondoka na paa la nyumba. Ni nani?

Kwetu Hatcher Fork, huku milimani Appalachia, Marekani, hata mtoto wa darasa la kwanza angejibu: gesi. Ilitoka kwenye visima vya juu ya kilima, vilivyochimbwa babu zetu wakiwa vijana, ikashuka kwa mabomba ya mji mpaka majikoni kwetu. Ilikuja vile vile ilivyotoka ardhini, bila harufu hata chembe, na sisi tulijivunia. Wageni kutoka miji ya chini walipokuja tuliwaambia, "Gesi yetu safi, si kama yenu inayonuka mayai viza."

Orbin Stamper, mume wangu, ndiye aliyekuwa fundi wa gesi wa mji. Fundi mmoja, gari moja, na ufunguo mmoja mkubwa wa valvu unaonifika kiunoni. Siku moja ya mwaka 1971 alirudi na kitabu cha karatasi nyembamba, akakitupa mezani karibu na mkate wa mahindi.

"Bunge la jimbo limepitisha," akasema. "Kanuni za serikali kuu za usalama wa mabomba. Zote, kama zilivyoandikwa Washington. Hawakupunguza hata nukta."

Mama yangu, Bi Zelphia, alikuwa akiishi nasi. Alikuwa na miaka themanini na moja, na kiko mdomoni tangu asubuhi mpaka anapolala. Akauliza, "Zinasema nini?"

"Zinasema mengi, mama. Lakini la kwanza, gesi lazima inuke."

"Inuke?"

"Inatiwa dawa. Ikivuja kidogo tu, pua inajua kabla haijajaa ikalipuka."

Mama akatoa kiko mdomoni. "Yaani miaka yote hii tumekaa na gesi safi, halafu watu wazima, wamevaa tai, wanakaa bungeni wanakubaliana watutilie ushuzi ndani ya nyumba?"

Binti yetu Nettie, wa miaka saba, alicheka mpaka maziwa yakamtoka puani. Nami nilicheka. Nisiwadanganye, nilikuwa upande wa mama. Nilidhani nyumba isiyonuka ni nyumba salama, na mji mzima ulidhani hivyo.

Meya wetu, Hobart Keeling, mwenye duka la vyuma, alipinga kikao baada ya kikao. Lakini jimbo lilisema mji usiofuata kanuni utafungiwa gesi, na kule kwetu kufungiwa gesi mwezi wa Januari ni kuhukumiwa. Basi wakafuata. Mwezi wa kumi na moja wakalaza bomba jipya la chuma kutoka darajani mpaka shuleni, kwa vipimo vile vile vya kitabu. Meya alilitembelea lile bomba kama mtu anayetembelea mjukuu. Na Jumatatu ya pili ya Januari Orbin akafungua pipa la dawa, gesi ikaanza kunuka.

Jumanne simu yetu ililia tangu alfajiri. Jumatano ililia mpaka nikaiweka chini ya mto. Mji mzima ulikuwa unanuka. Upande wa mashariki, kwenye mabomba ya zamani, hapakuwa na nyumba isiyonuka. Harufu ilitoka chini ya vitanda, ilitoka makabatini, kwa Bibi Purcell ilitoka ndani ya piano.

"Mmeleta gesi mbovu!" watu walimfokea Orbin barabarani. "Mabomba yetu yalikuwa mazima, dawa yenu imeyatoboa!"

Orbin alirudi nyumbani siku hiyo amepauka. Aliketi bila kuvua buti. "Verlie," akaniambia, "dawa haijatoboa kitu. Matundu yalikuwepo. Ni miaka mingapi tumelala juu yake?"

Nilimvua buti.

Siku ile ile akafika mkaguzi wa jimbo, Bwana Thurman Veach. Mwembamba, miwani mizito, viatu vya mjini vimelowa theluji. Alibeba kisanduku chenye mshale na mpira wa kufinya. Akichomeka kimrija chake mahali, anafinya mpira, na mshale unamwambia kuna gesi kiasi gani. Alizunguka nyumba kwa nyumba, kila penye harufu, na rafiki yangu Dovie Slone akampachika jina papo hapo: Bwana Pua. Kufika jioni Bwana Pua alikuwa amefunga upande wote wa mashariki. Ukimtoa Orbin, aliyebaki huko kuziba matundu, watu sitini na watatu hawakuwa na moto wa kuota.

"Waende wapi?" Meya akauliza. "Nje ni baridi ya kukata masikio."

Bwana Veach alitazama karatasi zake. "Shuleni. Bomba ni jipya, karatasi zake za majaribio ninazo, na hakuna aliyelalamika harufu."

"Ahaa!" Meya akapiga paja. "Leo umesema neno."

Basi ndivyo watu walivyohamia ukumbi wa shule na mablanketi yao. Nasi tulihamia, maana nyumba yetu ilikuwa mashariki vile vile: mama na kiti chake cha kubembea, Nettie na mwanasesere wake. Mimi na Dovie, ambaye nyumba yake iko magharibi, tukashika jiko la shule.

Ilikuwa Alhamisi, saa tisa mchana. Maharage yalikuwa yameiva kwenye sufuria kubwa. Nilizima jiko nikafungua mlango wa jikoni kumwaga maji ya vyombo. Kwetu wakati wa baridi maji ya vyombo hayamwagwi kwenye sinki, yataganda ndani ya bomba la uchafu. Yanamwagwa nje, pembeni ya ngazi. Nikamwaga beseni zima, lina sabuni nyingi kwa sababu ya mafuta ya nyama, nikageuka kuingia.

Kitu kikanirudisha. Mapovu ya maji ya vyombo hufa. Unayamwaga, yanalia kidogo, yanakwisha. Haya hayakufa. Kwenye ufa kati ya ngazi na ukuta, povu moja lilivimba likawa kama kikombe, likapasuka, na lingine likazaliwa pale pale. Halafu mengine matatu pembeni yake. Ufa wote ulikuwa unatoa mapovu kama mdomo wa mtoto mchanga.

Mke wa fundi wa gesi hahitaji kufundishwa. Orbin hupaka maungio ya mabomba sabuni, na panapovimba ndipo panapovuja. Nikapiga magoti kwenye theluji nikanusa. Harufu ya sabuni. Harufu ya baridi. Basi.

"Dovie," nikasema polepole, "usiwashe jiko. Usiguse swichi ya taa. Niitie Bwana Pua."

"Ana kazi, anaandika."

"Niitie, Dovie."

Alipokuja alikuwa bado ameshika kalamu. Nikamwonyesha. Alichomeka kimrija ufani, akafinya mpira. Mshale ukaruka mpaka mwisho, ukagonga ukuta wa kisanduku. Akakitoa, akafinya mpira hewani mpaka mshale ukarudi, akachomeka tena. Ukaruka tena.

"Haiwezekani," Dovie akasema. "Hapanuki!"

Bwana Veach alikuwa mweupe kuliko theluji. "Chuma kipya hunywa ile dawa," akasema, sauti yake ndogo. "Bomba jipya huinywa wiki nyingi mpaka litosheke, na udongo unachuja inayobaki. Gesi inavuja mahali hapo nje. Ardhi imeganda juu, haiwezi kupanda, inatambaa chini mpaka imeingia chini ya jengo." Akachomoa kimrija. "Nalijua hilo, mama. Huwa nawafundisha wengine. Na jana nimewaleta watu hapa bila kupima."

Mle ndani kulikuwa na watu sitini na watatu. Mmoja wao Nettie wangu.

"Boila ya kupasha ukumbi moto iko wapi?" akaniuliza.

"Chini ya jukwaa."

"Ikiwaka inavuta hewa kutoka wapi?"

Nilifikiri. Nilikuwa nimemsikia Orbin akiisema. "Kutoka chini ya sakafu."

Akafumba macho. "Sasa hivi haijawaka?"

"Watu ni wengi na tumepika tangu asubuhi, ukumbi una joto. Imepumzika."

"Swichi yake?"

"Huko huko chini."

"Basi hatushuki. Swichi ni cheche. Nionyeshe kipimajoto."

Kipimajoto kilikuwa ukutani karibu na jukwaa. Ndicho kinachoamuru boila: mshale mmoja mweusi unaonyesha joto la ukumbi, mwingine mwekundu umewekwa penye sitini na tano, kwa vipimo vya Farenhaiti. Wa kwanza ukishuka ukaukuta mwekundu, kinalia ti, na boila inawaka yenyewe. Tungeushusha tu ule mwekundu, kazi ingekwisha. Lakini watoto wa shule walikuwa wakikichezea, na mwalimu mkuu alikifungia ndani ya kizimba cha nondo chenye kufuli. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwake, na yeye alikuwa amekwenda makao makuu ya wilaya kutafuta mablanketi zaidi.

Mshale wa joto ulikuwa kwenye sitini na tisa.

Tulitazamana, mimi na yule mkaguzi, na sote tukaona jambo lile lile. Watu lazima watoke. Wakitoka, mlango utafunguka. Mlango ukifunguka, baridi itaingia, na baridi ikifika kwenye kile kidude, boila itawaka.

"Valvu kubwa ya kufunga gesi ya shule iko darajani," nikasema. "Ufunguo wake anao Orbin, yuko mashariki."

Dovie alikuwa ameshafunga kitambaa cha kichwa. Dovie ni mnene kuliko mimi, na kwa miaka ishirini sikuwahi kumwona akikimbia. Siku hiyo alikimbia.

"Kwa miguu!" Bwana Veach akamwambia. "Usiwashe gari karibu na jengo!"

Halafu akajaza hewa kifuani, nikaona anataka kupiga kelele. Nikamshika mkono.

"Ukipiga kelele watasukumana, mlango utabaki wazi. Niachie mimi. Wewe simama mlango wa pembeni, ule wa mbali. Fungua mtu anapopita, funga."

Nilibeba sufuria ya maharage kwa vitambaa viwili, nikaiweka juu ya kiti chini kabisa ya kile kizimba, nikaifunua. Mvuke ukapanda kwenye nondo. Nikachovya taulo kwenye ule mchuzi wa moto, nikalikamua, nikalibandika juu ya kizimba. Mama mmoja alinitazama kama nimerukwa na akili.

"Watoto!" nikaita, na nikaifanya sauti yangu ya jikoni, ya kila siku. "Kitendawili!"

"Tega!" wakaitikia. Wamezoea, kwangu hawapati biskuti bila kitendawili.

"Atakayetegua anatoka nje kwanza na mama yake na baba yake, na mablanketi yao. Lakini anatembea kama paka, hakimbii. Akikimbia nampa nafasi yake mwingine. Haya. Ana shati jeupe, jua likimwita anavua, anakwenda mtoni uchi."

"Theluji!" watano kwa mpigo.

"Tokeni watano. Na wenu. Kama paka."

Wakatoka. Mlango ukafunguka, ukafungwa. Baridi ilinifika shingoni kama kisu. Sitini na nane.

Meya akaja kwa hatua ndefu. "Verlie, hii ni michezo gani? Nani anatoa watu kwenye baridi?"

"Kuna gesi chini ya sakafu, Hobart. Sema polepole."

"Wapi? Hapanuki! Jengo moja tu mjini halinuki, na ndilo mnalolikimbia? Hili ni bomba langu, najua..."

"Nenda kwenye kile kitundu cha hewa sakafuni, karibu na mlango wa jikoni," nikamwambia. "Kisanduku chake Bwana Pua amekiacha pale. Finya mpira mara moja, halafu rudi uniambie ni bomba lako."

Alikwenda. Nilimwona akiinama. Aliporudi alikuwa ameshika kofia yake mkononi, akaanza kunyanyua wazee.

"Kitendawili!" nikaita.

"Tega!" Sauti zilikuwa zimepungua.

"Ninaye mtumishi ana meno mengi, haumi wala hali."

"Kitana!" akasema binti wa Purcell.

"Nenda, mpenzi, na bibi yako."

Mlango. Baridi. Sitini na saba. Mvuke wa maharage ulikuwa unapungua. Nikachovya taulo tena, vidole vikaungua, nikalibandika. Mshale ulitetemeka, ukasimama.

Nettie hakuwa amejibu hata kimoja. Alikuwa amesimama kando ya kiti cha bibi yake, ananitazama. Yeye anavijua vitendawili vyangu vyote. Alikuwa amekaa kimya kwa makusudi, hataki kutoka bila mimi.

"Nettie, jibu kinachofuata."

"Sitaki."

"Nettie."

"Wewe unatoka lini?"

Kabla sijajibu nikaona mkono wa mama ukiingia kwenye mfuko wa aproni. Kiko kilikuwa tayari mdomoni. Mkono ukatoka na kiberiti.

"Mama!" nikaita. "Mama, usiwashe!"

Masikio yake hayakuwa mazuri. Alikuwa anatafuta njiti, bila haraka, kama anavyofanya kila siku ya Mungu. Mimi siwezi kuondoka ukutani.

Meya alivuka ukumbi kwa hatua tatu, akampokonya kiberiti. Mama akamzaba kofi.

"Hobart Keeling! Mikono hii ndiyo iliyokupokea ulipozaliwa, umekuja duniani matako kwanza, nikakugeuza! Nirudishie kiberiti changu!"

"Nitakununulia boksi zima, Bi Zelphia."

"Mwizi! Mnaona? Meya mwizi!"

Akambeba na kiti chake, akimpiga kwa kiko kichwani. "Nishushe, mtoto, nikufunze adabu!" Watu wawili watatu walicheka, na kicheko kile kilitusaidia, maana wengine walikuwa wameanza kuelewa na macho yalianza kuwatoka. Nettie akamfuata bibi yake nusu njia, akageuka.

"Nakuja nyuma yako," nikamwambia. "Nakuapia. Nenda kama paka."

Akaenda. Kiti cha kubembea ni kipana. Ikabidi mlango ufunguliwe wote, na ukabaki wazi kwa muda nilioweza kuvuta pumzi sita. Nilizihesabu. Sitini na sita.

Walibaki kama ishirini. Sikuwa na kitendawili kingine kichwani, kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Bwana Veach aliwapitisha wawili wawili. Maharage yalikuwa vuguvugu. Nililitupa taulo, nikakumbatia kile kizimba kwa viganja vyote viwili, nikaweka mdomo kwenye nondo nikakipulizia pumzi, kama unavyopulizia vidole vya mtoto aliyetoka nje. Mshale ulikuwa mbele ya jicho langu. Kati ya mweusi na mwekundu palikuwa na upana wa uzi. Nikavuta pumzi, nikapuliza. Nikavuta, nikapuliza. Kichwa kikaanza kunizunguka.

"Mama Stamper!" Bwana Veach akaita. "Wamekwisha! Njoo!"

"Umewahesabu?"

"Sitini na wawili na wewe wa sitini na tatu! Njoo!"

Niliachia nikaenda. Nilitaka kutembea kama paka, lakini miguu ilikataa, nilikimbia. Nilikuwa nimebakiza hatua nne mlangoni nilipokisikia nyuma yangu, kidogo tu, kama mtu anayevunja kijiti:

Ti.

Bwana Veach alinivuta mkono nusura aung'oe. Tulianguka kwenye theluji, tukainuka, tukaanguka tena ng'ambo ya barabara, na watu wote walikuwa wamelala chini nyuma ya ukuta wa mawe, na Nettie alinirukia shingoni. Nikamfunika. Nikangoja.

Hapakuwa na kitu.

Upepo tu. Na mtoto mmoja analia. Na mama yangu, kwenye kiti chake katikati ya theluji, anauliza kwa sauti kubwa kwa nini watu wazima wamelala chini.

Halafu kutoka darajani honi ya gari la Orbin ikalia, mara tatu, ndefu. Dovie alikuwa amemkuta njiani. Orbin alifunga valvu dakika chache kabla ya ile 'ti', na ule mwali mdogo wa boila, unaokaa siku zote unangoja kuwasha mkubwa, ulikuwa umeshakufa kwa njaa. Dakika ngapi, sijui. Sikutaka kuuliza, na yeye hakutaka kusema.

Usiku ule tuligawana nyumba za upande wa magharibi zenye majiko ya makaa. Asubuhi, jengo likiwa limeachwa wazi milango yote, Orbin na Meya na wengine wanne wakaanza kuchimba kando ya shule, Bwana Veach akipima kila koleo. Niliwapelekea kahawa. Saa nne wakalifikia bomba.

Mabomba ya gesi, mapya na ya zamani, kanuni zilisema, yawekewe alama juu yake, ili mtu anayechimba ajue pana gesi. Vizuri. Mji ukanunua nguzo fupi za chuma zenye kibao cha manjano. Kitabu kiliandika alama iwe juu ya bomba, karibu kadiri inavyowezekana, na Orbin, aliyekuwa na hofu ya kukosea mbele ya jimbo, alifuata neno kama lilivyo. Nguzo ilikuwa imepigiliwa juu ya bomba hasa. Ncha yake ilikuwa imeingia ubavuni mwa lile bomba jipya, imekaa pale tangu Novemba kama mwiba kwenye kisigino.

Orbin alishuka shimoni, akaishika ile nguzo, hakuivuta, aliishika tu.

Bwana Veach alitoa fomu yake. Palikuwa na mstari wa kuandika chanzo.

"Andika baridi," Meya akasema haraka. "Ardhi imeganda, imesukuma mawe, jiwe limetoboa. Nani atajua? Thurman, huyu mtu ana kazi moja tu katika mji huu na hakuna mwingine anayeiweza. Andika baridi."

Nilimtazama Orbin. Nami, Mungu anisamehe, nusu ya moyo wangu ilisema baridi. Lakini nusu nyingine bado ilikuwa na mikono ya Nettie shingoni.

"Niliipigilia mimi," Orbin akasema kutoka shimoni. "Nyundo ya ratili kumi. Nilihisi imegonga kitu, nikadhani ni jiwe, nikaongeza nguvu. Andika hivyo hivyo. Na neno la jiwe liandike, maana fundi mwingine mahali pengine anashika nyundo leo."

Wino ulikuwa umeganda. Bwana Veach akaiweka kalamu mdomoni akaipasha moto, akaandika. Aliandika kwa muda mrefu, na nilipochungulia begani kwake niliona majina mawili: la Orbin, na chini yake la kwake mwenyewe, na maneno "niliwaelekeza watu humu bila kupima."

"Hilo si lazima," Meya akamwambia.

"Mstari una nafasi," akajibu.

Kisha akafunga kitabu chake, akamtazama Orbin. "Bwana Stamper. Nguzo kama hii umepigilia ngapi mjini?"

Orbin alifumba macho akahesabu mtaa kwa mtaa. "Kumi na saba."

Tukaitazama ile moja. Meya akavua koti lake zuri, akaninyooshea mimi nilishike, akachukua sururu.

"Iliyo karibu iko kwa Bibi Purcell," akasema. "Twendeni. Na mtu asivute sigara."